Sura ya 5: Imani Zilizobaki Baada ya Mahekalu Kuanguka

Zaidi ya nusu ya watu wote walio hai leo hufuata dini zinazomhesabu Ibrahimu kuwa baba wa imani, yaani Uyahudi, Ukristo na Uislamu, ingawa Wayahudi wenyewe ni wachache na uzito wao katika historia haukutokana na idadi. Marduk wa Babeli, Ashur wa Waashuru, Amuni wa Misri, Baali wa Kanaani, Zeus wa Wagiriki na Mithras wa askari wa Kirumi walipata nao zama zao, wakajengewa mahekalu na kutolewa sadaka na wafalme, lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye ibada yake imeendelea bila kukatika hadi sasa. Swali la sura hii ni kwa nini hao walitoweka na imani za Ibrahimu zikabaki.

Muumini ana jibu lake, kwamba Mungu wa kweli ameilinda dini yake, na hilo ni jibu la imani ambalo mwanahistoria hana kipimo cha kulithibitisha wala kulikanusha. Kazi ya mwanahistoria ni kuchunguza njia ambazo imani ilipitia katika maisha ya watu, na katika kazi hiyo hukutana mapema na maelezo mawili mepesi. La kwanza husema kwamba imani ya Mungu mmoja ni lazima ishinde imani ya miungu mingi kwa sababu ina mantiki zaidi. La pili husema kwamba dini hizi zilienea kwa upanga tu. Kila moja lina chembe ya ukweli, na kila moja linashindwa kueleza jambo kubwa.

Katika karne ya 14 KK, Farao Akhenaten wa Misri aliamuru ibada ielekezwe kwa Aten, mungu wa jua, akatuma mafundi walifute jina la Amuni katika kuta za mahekalu, na akajenga mji mkuu mpya mahali panapoitwa Amarna siku hizi. Hata hivyo, wanaakiolojia waliofukua nyumba za wakazi wa kawaida wa mji huo wamekuta sanamu na hirizi za Bes na Taweret, miungu waliotegemewa kuwalinda wajawazito na watoto, maana yake ni kwamba amri ya mfalme haikuvuka kizingiti cha nyumba za raia wake. Farao alipofariki, mahekalu ya zamani yalifunguliwa tena na mji wake ukahamwa. Kuamini mungu mmoja, peke yake, hakukutosha.

Upanga nao haukutosha. Hakuna dola ya kale iliyopigana kwa jina la mungu wake kwa ukali kuliko Ashuru, lakini Ninawi, mji wake mkuu, ulipoanguka mwaka 612 KK, dini ya dola ilianguka pamoja nao, na jina la Ashur likabaki kwa karne kadhaa kwa wenyeji wachache wa mji wake wa asili kabla ya kutoweka kabisa. Kwa hiyo hoja ya sura hii ni kwamba uimara wa dini hupimwa siku inaposhindwa, wala si siku inapotawala, na kwamba dini za Ibrahimu zilibaki kwa sababu zilijifunza, mara nyingi kwa machungu, kuiweka imani katika vitu ambavyo adui hawezi kuviteka: kitabu, malezi ya watoto, juma lenye siku yake ya ibada, na wajibu wa kumtunza mhitaji.

Miungu ya mji na Mungu wa wahamishwa

Katika Mesopotamia ya kale, mungu alikuwa na makazi maalumu, na sanamu yake iliyokaa hekaluni ndiyo iliyoonesha kwamba yupo mjini. Mwaka 689 KK, Mfalme Senakeribu wa Ashuru aliuharibu mji wa Babeli, na sanamu ya Marduk ikapotea mjini kwa muda wa miaka 20 hivi. Waandishi wa tarehe wa Babeli waliandika kwenye vigae vya udongo kwamba katika kipindi chote hicho Akitu, sherehe kuu ya mwaka mpya iliyothibitisha mamlaka ya mungu na ya mfalme, haikufanyika. Kumbukumbu hiyo fupi inafichua udhaifu wa mfumo mzima, kwa kuwa ibada kuu ilihitaji sanamu, hekalu, kuhani na mfalme, na kimoja kilipokosekana, vingine vyote vilisimama.

Karne moja baadaye, Babeli ile ile, chini ya Nebukadreza, iliuteka Yerusalemu, ikalichoma hekalu mwaka 587 au 586 KK, na kuwahamisha wakuu na mafundi wa Yuda hadi kwenye mashamba yaliyomwagiliwa kwa mifereji ya Mesopotamia. Kwa kanuni za zama zile, Mungu wa Yuda alikuwa ameshindwa na Marduk, na watu wake walipaswa kuyeyuka katika umma mkubwa wa wahamishwa kama walivyoyeyuka wengi waliotangulia. Mambo yalikwenda vinginevyo. Vigae vya kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, maana yake mji wa Yuda, vinaonesha wahamishwa hao na wajukuu wao wakilima, wakikopa shayiri na kulipa kodi kama raia wengine wa Babeli, huku wakiendelea kuwapa watoto wao majina yenye jina la Mungu wao ndani yake, kizazi baada ya kizazi.

Maelezo ya uthabiti huo yamo katika tafsiri ambayo manabii waliupa msiba wenyewe. Yeremia na Ezekieli walifundisha kwamba hekalu halikuanguka kwa sababu Mungu wa Israeli alizidiwa nguvu. Lilianguka kwa sababu yeye mwenyewe aliwahukumu watu wake kwa kuvunja agano na kwa kuwaonea wanyonge. Fundisho hilo lilikuwa zito kulibeba, lakini liligeuza kushindwa kuwa ushahidi wa uwezo wa Mungu, na likamaanisha kwamba yeye yuko Babeli sawasawa na alivyokuwa Yerusalemu. Pasipo na hekalu, mambo ambayo kaya yoyote iliweza kuyatunza yalipata uzito mpya, hasa Sabato, tohara, miiko ya chakula na usomaji wa Torati, yaani sheria na masimulizi yanayonasibishwa na Musa. Baada ya Koreshi wa Uajemi kuiteka Babeli mwaka 539 KK na kuwaruhusu wahamishwa kurudi, hekalu lilijengwa upya, lakini mafunzo ya uhamishoni hayakusahauliwa.

Kitabu na malezi

Mafunzo hayo yalijaribiwa tena mwaka 70 BK, majeshi ya Kirumi chini ya Tito yalipoliteketeza hekalu la pili. Ukuhani ulipoteza kazi na sadaka za wanyama zikakoma, lakini sinagogi, yaani nyumba ya kukusanyikia kwa sala na mafunzo, ilikuwa tayari imeenea kutoka Babeli hadi Rumi. Walimu waliojulikana kama marabi, ambao mapokeo humtaja Yohanan ben Zakkai wa Yavne kuwa kiongozi wao wa mwanzo, walihamishia uzito wa ibada kwenye sala, matendo mema na elimu ya sheria. Mnamo mwaka 200 BK mafundisho yao yalikusanywa katika Mishna, na mijadala iliyofuata ikaunda Talmudi, kazi kubwa ambayo bado inasomwa na kujadiliwa hadi leo.

Hali ya Misri inaonesha kinyume chake kwa uwazi wa kusikitisha. Elimu ya dini ya Misri ilikuwa mikononi mwa makuhani wachache waliojua hieroglifu, maandishi ya picha yaliyohitaji miaka mingi ya mafunzo ndani ya hekalu. Ruzuku za mahekalu zilipopungua chini ya utawala wa Kirumi, shule za makuhani zilidhoofika, na kila kuhani aliyefariki bila mwanafunzi alizikwa na sehemu ya dini yake. Maandishi ya mwisho ya hieroglifu yenye tarehe inayojulikana yalichongwa katika hekalu la Isis kwenye kisiwa cha Philae, kusini mwa Misri, tarehe 24 Agosti 394 BK. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 1,400, hakukuwa na mtu duniani aliyeweza kuzisoma sala zilizojaa katika kuta za mahekalu hayo.

Dini za Ibrahimu hazikuwa za kwanza kuwa na maandiko, kwani Wababeli na Wamisri waliandika kwa maelfu ya miaka kabla yao. Tofauti kubwa ilikuwa katika nani alitarajiwa kuyajua. Maandiko ya mahekalu ya kale yalikuwa nyenzo ya wataalamu, ilhali Torati iliamriwa kusomwa mbele ya watu wote, wanawake na watoto wakiwemo, Injili zilisomwa kwa sauti katika mikutano ya waumini, na Kurani, iliyokusanywa katika nakala rasmi chini ya Khalifa Uthman kabla ya mwaka 656, ilihifadhiwa vifuani mwa waumini wa kila tabaka. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na dini iliyomfundisha mtoto sala na masimulizi yake kabla hajabaleghe ilikuwa na walinzi wapya kila kizazi, hata pale ilipokosa mfalme wa kuilinda.

Wajane na wahitaji 1,500 wa Rumi

Sababu nyingine ni namna dini hizi zilivyomtazama mtu ambaye jamii ya kale haikumhesabu. Barua moja ya mafunjo iliyopatikana Oxyrhynchus, Misri, na iliyoandikwa mwaka 1 KK, ilitoka kwa kibarua aitwaye Hilarion aliyekuwa kazini Aleksandria, akimwandikia mkewe Alis aliyekuwa mjamzito. Anamwonesha mapenzi, anamsihi amtunze mtoto wao mdogo, anaahidi kutuma fedha mara tu atakapolipwa ujira, kisha anamwagiza kwamba akijifungua mtoto wa kiume amlee, na akiwa wa kike amtupe. Hilarion hakuwa katili kuliko majirani zake. Aliandika jambo ambalo sheria na desturi za mazingira yake ziliruhusu.

Wayahudi walikataza kuwatupa watoto wachanga, Wakristo wakalirithi katazo hilo, na baadaye Kurani ikakemea vikali desturi ya Waarabu ya kuwazika hai mabinti. Makatazo hayo yaliokoa maisha, na bila kukusudia yalikuza pia idadi ya waumini. Mwaka 251 BK, Kornelio, askofu wa Rumi, aliandika kwamba kanisa lake, ambalo wakati huo halikuwa na ulinzi wowote wa sheria, lilikuwa likiwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Katika miaka hiyo hiyo tauni kali iliyapiga majiji ya dola, na Askofu Dionisio wa Aleksandria aliandika jinsi Wakristo walivyobaki kuwauguza wagonjwa huku wengi wao wakipoteza maisha kwa kuambukizwa.

Shahidi mzito zaidi wa nguvu ya huduma hiyo ni adui yake. Mfalme Julian, aliyetawala dola ya Rumi kuanzia mwaka 361 hadi 363 na kujaribu kuirudisha ibada ya miungu, alimwandikia Arsakios, kuhani mkuu wa Galatia, akilalamika kwamba Wakristo waliwalisha maskini wao pamoja na maskini wa wasio Wakristo. Aliagiza zijengwe nyumba za kupokelea wageni na akatenga kwa Galatia modii 30,000 za ngano kila mwaka, modii ikiwa kipimo cha Kirumi cha karibu lita 9. Julian alikuwa ametambua tatizo kwa usahihi kabisa, lakini alitaka kujenga kwa amri ya serikali kitu ambacho wapinzani wake walikuwa wamekijenga kwa karne tatu kupitia michango ya waumini wa kawaida, na alipouawa vitani mpango wake ulikwenda naye.

Ibada ya Mithras, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa mshindani mkubwa wa Ukristo, inasaidia kuona tofauti hiyo. Ilienea kutoka Britania hadi Shamu, na katika bandari ya Ostia peke yake wanaakiolojia wamefukua zaidi ya vyumba 10 vya ibada yake. Vyumba hivyo vilikuwa vidogo, vyenye viti vya mawe kandokando kwa ajili ya watu wachache, na ibada yenyewe ilikuwa ya wanaume na siri zake hazikuandikwa kwa ajili ya umma. Dini isiyomhusisha mama haikuwa na njia ya kumfikia mtoto, na askari waliohamishwa au kuuawa waliacha vyumba vitupu.

Kujiunga kwa kuacha

Mwanahistoria Arthur Darby Nock, katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu kuongoka, alitofautisha mambo mawili: kuongeza ibada mpya juu ya zile ambazo mtu anazo, na kugeuka kabisa kwa kuacha za zamani. Mtu aliyeanza kumwabudu Isis hakulazimika kumwacha Zeus, kwa hiyo Isis alipata mwabudu mmoja na Zeus hakupoteza chochote. Mtu aliyebatizwa, au aliyetamka shahada, aliacha mahekalu yote mengine, na sadaka yake, watoto wake na wajukuu wake vikaenda upande mmoja tu. Miungu mingi ya kale iliishi kwa kuvumiliana, na uvumilivu huo, ambao unastahili heshima, haukuwapa wafuasi wake sababu ya kujitetea kama umma mmoja.

Mwanasosholojia Rodney Stark, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1996, alipiga hesabu kwamba ikiwa Wakristo walikuwa 1,000 mwaka 40 BK, ongezeko la asilimia 40 kwa kila muongo lingewafikisha milioni 6 hivi ifikapo mwaka 300. Takwimu hizo ni makadirio, lakini zinafundisha jambo muhimu, kwamba hapakuhitajika muujiza wa umati wala jeshi. Kila jamaa akimvuta ndugu au jirani mmoja mara chache katika maisha yake, karne tatu zingetosha kuunda umma ambao mfalme hawezi kuupuuza.

Mkono wa dola

Itakuwa ni kuficha ukweli kusema kwamba dola haikuwa na sehemu katika ushindi huu. Mwaka 380 Mfalme Theodosius aliufanya Ukristo kuwa dini rasmi ya Rumi, sheria za mwaka 391 na 392 zikapiga marufuku sadaka kwa miungu, hekalu mashuhuri la Serapis huko Aleksandria likabomolewa katika kipindi hicho hicho, na katika miaka ya 530 Mfalme Justinian akalifunga hekalu la Philae. Watu walioipenda miungu ya wazazi wao walilazimishwa, walitozwa faini na wengine waliuawa, na mateso yao ni sehemu ya historia hii. Huko Aksum, katika nchi ambazo leo ni Ethiopia na Eritrea, badiliko linaonekana kwenye fedha za Mfalme Ezana wa karne ya 4: sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara, alama za dini ya zamani, na zile za baadaye zina msalaba mahali pale pale. Uamuzi wa mfalme mmoja ulifika sokoni kabla mahubiri hayajafika vijijini.

Katika Uajemi, dini ya Zoroasta ilikuwa na kitabu, maadili ya juu na mungu mkuu mmoja, lakini ilitegemea ukuhani wa kurithi na fedha za dola ya Wasasani, na Mfalme Yazdegerd III alipouawa mwaka 651 ilipoteza mlezi wake. Watu hawakusilimu kwa siku moja, kwani utafiti wa mwanahistoria Richard Bulliet unaonesha kwamba Uislamu ulichukua karne mbili na zaidi kuwa dini ya walio wengi nchini humo, huku kodi ya jizya iliyotozwa wasio Waislamu, nafasi za kazi na ndoa zikisukuma polepole. Wazoroasta waliobaki ni kati ya laki moja na laki mbili duniani, wakiwemo Waparsi wa India ambao baadhi yao waliishi Zanzibar na kujenga huko nyumba yao ya ibada ya moto. Kubaki kwao kunathibitisha hoja yenyewe, maana waliodumu ni wale waliozitunza sala na ndoa zao ugenini bila mfalme.

Kipimo cha Mani

Dini moja ilikuwa na karibu kila sifa iliyotajwa hapo juu, nayo ikatoweka. Mani, aliyezaliwa Mesopotamia mwaka 216 na kufia gerezani katika miaka ya 270, aliandika vitabu vyake kwa mkono wake, alituma wahubiri magharibi na mashariki, na dini yake ikaenea kutoka Afrika ya Kirumi, ambako mwanateolojia Augustino aliifuata kwa miaka 9 kabla ya kuwa Mkristo, hadi China. Udhaifu wake ulikuwa katika muundo. Wateule wake hawakuoa, hawakulima wala hawakuvuna, bali walilishwa na wasikilizaji, yaani waumini wa ngazi ya chini, ambao hawakutarajia wokovu kamili katika maisha haya. Wafalme walipoigeuka, kuanzia amri ya Mfalme Diocletian wa Rumi karibu mwaka 302 hadi China ya karne ya 9, iliwatosha kuwaua au kuwatawanya wateule wachache, na waliobaki hawakuwa na uwezo wa kuiendesha ibada kwa ukamilifu. Dola pekee kubwa iliyoipokea, ya Wauyghur wa Asia ya Kati katika miaka ya 760, ilivunjwa mwaka 840.

Uislamu ulikabili pigo zito zaidi ya hilo. Mwaka 1258 Wamongolia waliuteka Baghdad na kumuua khalifa, na kwa kanuni ya Ashuru na Babeli dini ilipaswa kuanza kufa. Lakini sala tano hazikumhitaji khalifa, kadhi na mwalimu walikuwa katika kila mji, wakfu ziliendelea kuendesha misikiti na visima, na mwaka 1295 Ghazan, mtawala wa Kimongolia wa Uajemi na kitukuu wa yule aliyeuteka Baghdad, alisilimu. Hali kama hiyo ilikwisha kutokea magharibi, ambako dola ya Rumi ilisambaratika na wafalme wa Wafranki walioyarithi maeneo yake wakabatizwa katika dini ya walioshindwa.

Pwani ya Afrika Mashariki inatoa ushahidi kwamba Uislamu ulienea pia bila jeshi. Huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton ulifichua chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti mingine iliyotangulia mahali hapo hapo, wa mwanzo ukiwa kijumba cha miti na udongo kinachokadiriwa kujengwa mwishoni mwa karne ya 8, ambacho kilitosha watu wachache tu. Kila kizazi kilijenga upya, kikapanua na kuimarisha, na ifikapo mwaka 1107, tarehe iliyochongwa kwa hati ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, imani hiyo ilikwisha kuwa ya wenyeji. Wafanyabiashara walioileta hawakuwa na dola nyuma yao. Walikuwa na sala, hesabu ya siku, sheria ya mikataba na wajibu wa zaka.

Kwa jumla, dola ilizipa dini za Ibrahimu upana, lakini haikuzipa uhai, kwa kuwa dola zilizozibeba zimekufa moja baada ya nyingine na dini zenyewe zingalipo. Ubuddha, ambao nao ulikuwa na mafundisho ya kubebeka na jumuiya zisizofungwa na mfalme mmoja, ulidumu kwa sababu za jinsi hiyo hiyo, jambo linaloonesha kwamba kanuni hii si ya ukoo mmoja wa imani. Kiongozi wa dini yoyote anayeitumaini serikali kuliko anavyomtumaini mwalimu wa watoto na mtunza wajane anarudia kosa la makuhani wa Marduk, na historia ya miaka 2,500 haimpi matumaini.